Jinsi ya kucheza nafasi ndogo: niliyojifunza kwa Mzee wa Seng'enge

Kila skripti zinapogawiwa kwenye kikundi chetu cha filamu, lazima kijana mmoja aje kwangu amenuna. Kapewa mlinzi wa geti. Anasimama mlangoni mwa kibanda changu cha cherehani hapa Mwanjelwa, Mbeya, karatasi kaikunja mkononi, ananiambia, "Shikamoo Mama Fundi. Mimi nimeambiwa nifungue geti, basi." Naitikia marahaba, namsogezea benchi, namimina chai, halafu namuuliza kama ameiona The Avengers ya mwaka 2012. Wote wameiona.

"Unakumbuka Hulk, lile jitu la kijani, alipodondoka toka angani akatoboa paa, akazinduka kwenye kifusi ameshakuwa mtu wa kawaida, hana hata nguo? Nani alikuwa pale anamtazama?"

Anafikiri kidogo. "Mzee mmoja hivi. Mlinzi."

Mlinzi huyo ni Harry Dean Stanton, muigizaji wa Marekani, na filamu ile ilipotoka alikuwa anakaribia miaka 86. Filamu ina ndege za vita, ina mashujaa sita, ina mji mzima unaobomoka, na yeye kapewa kipande kifupi tu. Lakini kijana aliyekuja kwangu amenuna anakikumbuka. Mzee anamwambia yule bwana kwamba ameanguka kutoka juu, kwamba hakuna aliyeumia, ni njiwa tu walioshtuka. Anamrushia suruali. Anamuuliza kama yeye ni kiumbe wa sayari nyingine, na akijibiwa hapana, anamwambia basi mwanangu, wewe una maradhi. Yote hayo anayasema kama mlinzi wa ghala la mahindi kule Uyole anavyoongea na msafiri aliyemkuta amelala barazani. Hapandishi sauti, hatoi macho. Ni mtu aliye zamu, na zamu yake imeletewa jambo.

Naandika haya kwa ajili ya kijana huyo wa mlangoni, na kwa kila aliyepewa dada wa kazi, nesi, dereva wa bajaji au mzee wa kukaa msibani. Mimi nashona na kuvalisha waigizaji, na mara chache ninazosimama mbele ya kamera huwa ni hizo hizo nafasi za pembeni. Nazipenda, na naumia nikiona mtu anazicheza kwa kinyongo.

Tulivyompa jina

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tulikuwa na kanuni moja: steringi hafi. Wengine wote walikuwa wa kufa, na hatukuwa na haja ya kuwajua majina. Kaka yangu alikuwa anakusanya kiingilio kwenye banda moja hapa Mwanjelwa, miaka mingi kabla soko halijaungua mwaka 2006, na mimi ndiye niliyempelekea chakula cha jioni. Nilikuwa nakaa pembeni ya mlango na bakuli langu la kande mpaka kanda iishe.

Siku moja ikawekwa Red Dawn, ya mwaka 1984. Wanajeshi wa kigeni wameuteka mji mdogo wa Marekani, vijana wamekimbilia milimani. Usiku mmoja ndugu wawili wanarudi kumtafuta baba yao, wanamkuta kambini, nyuma ya uzio wa waya. Uso wake una majeraha. Anawaambia kwamba aliwalea kwa ukali na sasa bila shaka wanaelewa kwa nini. Anawakataza kumlilia. Vijana wakiwa wanaondoka, ndipo anapaza sauti gizani akiwataka walipize kisasi.

Lile banda lilikuwa limejaa wapiga debe, wabeba mizigo na wauza viazi, watu ambao kwa kawaida walikuwa wanaisemesha televisheni kama jirani yao. Wote walinyamaza. Mbele yangu kulikuwa na baba mmoja mtu mzima, kofia ya sufu kichwani. Nilimwona anaivua na kuishika magotini. Kesho yake hakuna aliyejua jina la yule mzee, basi tukamwita Mzee wa Seng'enge. Alipotokea kwenye Escape from New York na baadaye kwenye Alien, kila mara kulikuwa na mtu wa kusema kwa sauti gizani, "Mzee wa Seng'enge huyo!" Jina lake la kweli, Harry Dean Stanton, nilikuja kulipata baadaye sana, kwenye simu ya binti yangu.

Kwanza ujue mikono yako imefanya nini

Stanton alizaliwa tarehe 14 Julai 1926 West Irvine, jimbo la Kentucky. Baba yake alikuwa mkulima wa tumbaku na kinyozi. Ndugu zangu wa Iringa na Songea mnaojua mabani ya tumbaku, mnajua ni kazi ya namna gani, na mtoto wa nyumba hiyo anakua anaona nini. Vita Kuu ya Pili ilipokuwa inaendelea aliingia jeshi la majini, akawa mpishi kwenye meli ya kushusha askari na magari ufukoni, na meli hiyo ilikuwepo kwenye mapigano ya Okinawa mwaka 1945. Aliporudi alisoma Chuo Kikuu cha Kentucky, mambo ya uandishi wa habari na redio, akaingia kwenye michezo ya jukwaani ya chuo, na mwongozaji wake pale akamtia moyo aufuate uigizaji. Akaenda California, kwenye shule ya maigizo ya Pasadena Playhouse. Alianza kuonekana kwenye televisheni mwaka 1954 na kwenye filamu mwaka 1957. Kwa kuwa kulikuwa na muigizaji mwingine aliyeitwa Harry Stanton, yeye kwa miaka kadhaa aliandikwa Dean Stanton tu. Alicheza filamu nyingi za kauboi, mara nyingi upande wa wabaya.

Nayataja haya kwa sababu yanaonekana mwilini mwake. Kwenye filamu ya Lucky ya mwaka 2017, ambayo ni miongoni mwa kazi zake za mwisho, anacheza mzee aliyekuwa mpishi wa jeshi la majini wakati wa vita. Hakuhitaji kuambiwa mpishi wa meli anakaa vipi akikumbuka.

Kwa hiyo kabla hujaigusa skripti, chukua daftari uandike kazi zote ambazo mikono yako inazijua. Usiandike ndoto zako, andika kazi. Kupukuchua mahindi. Kufunga turubai la lori pale Kabwe mvua ikianza. Kumenya ndizi kwa ajili ya mbalaga. Kusuka nywele, kuziba pancha, kubadilisha betri ya redio. Binti mmoja wa kwetu aliandika kazi 31, na alikuwa ameanza kwa kuniambia kwamba yeye hajawahi kufanya kazi yoyote, alikuwa nyumbani tu. Kisha chagua moja inayoweza kumwingia mtu unayemcheza. Dada wa kazi wa kwenye skripti yetu alikuwa hana la kufanya ila kusimama jikoni na kusema "abee". Binti akampa kazi ya kuchagua mchele. Akasimama pale na ungo, vidole vinatafuta mawe bila macho kuangalia, masikio yote yako sebuleni kwa mabosi wanaogombana. Ile "abee" yake ilitoka kama ya mtu aliyekuwa anasikiliza kila neno na hataki ajulikane. Hakuna aliyemfundisha hilo. Vidole vyake vilikuwa vinalijua tangu utotoni.

Nguo ifanye kazi yake

Hapa ndipo penye moyo wangu, na nitakaa kidogo.

Katikati ya miaka ya 1960, Jack Nicholson, muigizaji mwenzake ambaye naye alikuwa bado hajawa mtu mkubwa, aliandika filamu ya kauboi iitwayo Ride in the Whirlwind. Akamwekea rafiki yake Stanton nafasi ya mkuu wa genge la wezi, mtu mwenye kitambaa cheusi kwenye jicho moja na kofia ya duara kichwani. Nicholson akamwambia kwamba hataki afanye kitu chochote: aiache nguo imcheze huyo mtu, yeye awe yeye. Stanton alikuwa akiisimulia habari hiyo hadi uzeeni, kwamba pale ndipo alipoanza kuielewa kazi yake.

Mimi fundi cherehani niliposikia hivyo nilisimamisha mguu kwenye pedali. Miaka yote nilikuwa nadhani navalisha watu wapendeze.

Sasa koti la mlinzi nalitengeneza hivi. Naenda soko la SIDO siku belo la mitumba linapofunguliwa, natafuta koti zito lenye mifuko ya nje, saizi moja zaidi ya muigizaji, kwa sababu koti la mlinzi huwa lilikuwa la mtu mwingine kabla yake. Nalilowesha kwenye maji ya majani ya chai usiku kucha, naanika juani siku tatu, kisha nasugua viwiko na ukosi kwa msasa. Kifungo cha pili toka juu nakikata, nashona kingine kisichofanana nacho, kwa uzi mweusi, kwa mkono, ovyo kidogo, kama mwanaume anayejishonea mwenyewe. Hakuna mtazamaji atakayekiona. Muigizaji atakiona kila anapofunga koti.

Halafu mifuko. Kulia tochi ya betri kubwa na funguo. Kushoto simu ya kitochi na kipande cha hindi la kuchoma kwenye gazeti. Mfuko wa ndani, karatasi ya hospitali au ya shule iliyokunjwa mara nne. Namwachia mwenyewe aamue ni ya nani. Koti nampa wiki moja kabla ya kurekodi, namwambia alivae kila alfajiri anapotoka nje. Mbeya ya mwezi Juni haihitaji mtu aigize baridi. Siku ya nne au ya tano utaona: tochi imeuvuta mfuko chini, bega la kulia limeshuka kidogo, na mkono wenyewe unaingia mfukoni kuipunguzia nguo uzito. Anatembea tofauti na wala hajui. Hapo namshika mikono yote miwili, namwambia: mwanangu, usiongeze kitu. Usikohoe, usichechemee, usiweke lafudhi ya kuchekesha ya Kisafwa wala ya Kinyakyusa ili watu wajue kwamba wewe ni maskini. Koti limeshasema.

Hilo la lafudhi linaniuma. Walinzi wetu, baba zetu, wanafanywa vichekesho kwenye filamu kwa namna wanavyotamka tu. Ukimwona Stanton hutamwona hata mara moja akimcheka mtu anayemcheza.

Neno moja

Kwenye Alien ya mwaka 1979 anacheza Brett, fundi mitambo kwenye chombo cha angani, yuko na fundi mwenzake anayechezwa na Yaphet Kotto. Mwenzake akisema jambo lolote, Brett anajibu neno moja lile lile, kwa Kiswahili tungesema "sawa". Hata wenzao chomboni wanalitambua na kumtania. Lakini sikiliza vizuri: "sawa" ya pesa si "sawa" ya hofu, na "sawa" ya kumkinga mwenzake ni nyingine kabisa. Neno halibadiliki. Kinachobadilika ni anachokuwa amekisikia sekunde moja kabla.

Fanyeni zoezi hili wawili wawili. Mmoja ana habari ndefu: mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, mtoto kafukuzwa shule, mume hajarudi toka Tunduma. Mwingine ana neno "haya" peke yake. Dakika tano. Wanyakyusa mtumie "ndaga", mnajua wenyewe neno hilo linavyobeba asante na pole kwa pamoja. Kosa ambalo kila mtu analifanya mwanzoni ni kupanga: hii nitaivuta, hii nitaikata, hii nitaishusha. Ukipanga, umeacha kusikiliza. Nawafanya wageuziane migongo, wasionane nyuso, na hapo "haya" inaanza kuwa ya kweli, kwa sababu haina kwingine kwa kushika isipokuwa kwenye sauti ya mwenzio.

Angalieni pia anapokwenda kumtafuta paka. Sisi bandani tulijua anakwenda kufa, kila mtu alikuwa anamwambia arudi. Yeye anafika mahali maji yanadondoka toka juu, anasimama, anainua uso, anayaacha yamlowanishe. Ni fundi aliyechoka, kapata maji ya baridi. Ndiyo maana kifo chake kiliwauma watu ambao hawakumjua jina.

Kunyamaza bila kuwa mti

Wengi wakiambiwa wanyamaze wanakakamaa, wanasimama kama nguzo ya umeme. Kunyamaza kuna mzigo ndani yake, na inabidi uuchague mzigo wako kabla ya kamera kuwaka.

Tafuta The Straight Story ya mwaka 1999. Ni habari ya kweli ya mzee wa Iowa, Alvin Straight, aliyesikia kwamba kaka yake kapigwa na kiharusi. Hawakuwa wamesemezana kwa miaka kumi. Mzee hana leseni, macho mabovu, nyonga mbovu. Basi akapanda mashine ya kukatia nyasi, akaifungia tela, akasafiri takriban kilomita 386 mpaka Wisconsin. Ni mbali kuliko kutoka hapa Mbeya mpaka Iringa. Ndugu zetu wa Mbarali, fikirieni mtu anakwenda Iringa na pawatila kwenda kumwona kaka yake mgonjwa.

Saa nzima na nusu na zaidi unamsubiri huyo kaka. Anatajwa tu. Mwishoni kabisa Alvin anafika kwenye kibanda cha mbao, anaita, kimya, anaita tena, na Stanton anatoka akijikokota na chuma cha kutembelea. Wanakaa barazani. Stanton anamtazama mdogo wake. Kisha macho yanahama, taratibu, yanakwenda nje kwenye ile mashine na tela lake. Yanakaa pale. Unaona kabisa anavyohesabu: barabara yote ile, usiku wote ule, kwa kitu kile. Mdomo unatetemeka. Anauliza kama kweli amekuja na hicho mpaka hapa kumwona yeye. Mdogo wake anakubali. Basi. Machozi yapo lakini hayajamwagwa.

Nimewawekea vijana kipande hicho mara nyingi na huwa nawauliza: angekuwa amelia kwa sauti, sisi tungebakiwa na nini cha kufanya? Mwaka jana binti mmoja alijibu, "Angetunyang'anya." Jibu zuri kuliko langu.

Zoezi lake: mtu akae, aletewe kitu kilichosafiri. Ndizi kutoka Tukuyu zilizobebwa na mama mwenye mgongo mbovu. Asiseme kitu. Akitazame kitu kwanza, mtu baadaye. Macho yasirudi kwa mtu mpaka hesabu iwe imeisha. Anayefanya haraka hajahesabu.

Ukiliweza hilo, nenda kwenye Paris, Texas ya mwaka 1984, ya mwongozaji Mjerumani Wim Wenders. Inaanza na mwanaume anatembea jangwani, suti imejaa vumbi, kofia nyekundu kichwani, dumu la plastiki mkononi. Anakunywa maji ya mwisho, anaachana na dumu, anaendelea kutembea. Kipande kirefu cha mwanzo hasemi neno, na yeye ndiye mhusika mkuu. Hapo ndipo hatimaye alikuwa steringi. Mwandishi wa filamu hiyo, Sam Shepard, alikutana naye, wakaongea, Stanton akamwambia amechoshwa na nafasi alizokuwa anapewa, anatamani kitu chenye uzuri. Filamu ikatoka yeye anakaribia miaka 58, ikachukua tuzo kuu ya tamasha la Cannes mwaka huo huo. Hesabu toka filamu yake ya kwanza: miaka 27. Na baada ya hapo hakukataa kurudi pembeni. Aliendelea kucheza mababa, walinzi, wazee wa baa, mpaka zikapita filamu 100.

Zinapotakiwa kelele

Nisieleweke vibaya, nafasi ndogo si lazima iwe ya upole. Kwenye The Green Mile ya mwaka 1999 anacheza mfungwa mzee ambaye kazi yake ni kukalia kiti cha umeme wakati askari wanafanya mazoezi ya kumuua mtu kwa umeme. Hapo anaropoka, anatania, anajifanya ndiye anayekufa. Anafurahia. Lakini angalieni askari wanavyocheka kisha wanavyokatazwa, na utaelewa kwamba kelele zake zimewekwa ili baadaye, siku ya kweli, kimya kiwe kizito. Kwa hiyo soma sini ya baada ya kwako. Ndiyo itakayokuambia upige kelele au uache.

Siku ya kurekodi

Fika na nguo yako. Ipige picha kwa simu, mbele, nyuma na mikono, kabla hujatoka lokesheni. Hili limenigharimu. Tulirekodi msiba siku mbili, mimi nikiwa mmoja wa wanawake waliokaa kwenye mkeka nyuma ya mfiwa. Siku ya kwanza kitenge nilikifunga begani kushoto, ya pili kulia, na mimi ndiye mtunza nguo wa kikundi. Hakuna aliyeona mpaka picha zilipowekwa kwenye kompyuta. Mfiwa alikuwa amelia vizuri kuliko alivyowahi kulia, na kilio kile kikatupwa kwa sababu ya bega langu. Tulikwenda kurudia. Hakulia tena vile. Toka siku hiyo nabeba daftari la mwendelezo: bega gani, vifungo vingapi vimefungwa, kikombe mkono upi, umekaa kwenye neno lipi.

Mengine ni mafupi. Usiangalie kamera. Usisogee mbele ya steringi ili uonekane; huko tunakuita kuuza sura na mhariri atakukata. Nauli na chakula mkubaliane kabla hujapanda gari, tena kwenye maandishi; kuna kazi moja tulifanya siku tatu kule Mbalizi tukarudi kwa miguu. Na dairekta akikuuliza kama una swali, muulize moja tu: huyu mtu ametoka wapi kabla ya kuingia hapa? Kama hajui, basi amua mwenyewe usimwambie.

Jinsi ya kumtazama

Nunua bando la usiku, pakua, tazameni wengi kwa simu moja au mkiweza kwa televisheni ya mtu. Mara ya kwanza tazama kama kawaida. Mara ya pili zima sauti, funika steringi kwa kiganja, umwangalie Stanton peke yake: anafanya nini wakati mwenzake anaongea? Mara ya tatu funga macho usikilize. Anza na uzio wa Red Dawn, uende kwa mlinzi wa Avengers, kisha Alien, kisha baraza la The Straight Story. Paris, Texas iwe ya siku ambayo huna haraka. Malizia na Lucky. Ilianza kuonyeshwa kwenye kumbi mwezi Septemba 2017, wiki mbili baada ya yeye kufariki tarehe 15 mwezi huo, akiwa na miaka 91.

Mhakiki wa Chicago, Roger Ebert, aliwahi kuweka kanuni kwamba filamu yoyote yenye Harry Dean Stanton au M. Emmet Walsh kwenye nafasi ya pembeni haiwezi kuwa mbaya moja kwa moja. Kijana wangu wa geti aliponiuliza maana yake, nilimwambia kwamba mtu ametazama maelfu ya filamu kwa kazi, na kitu alichoona kinafaa kuwekewa kanuni ni watu wawili wa pembeni.

Yule kijana tulimrekodia Isyesye, saa kumi na mbili kasoro alfajiri, ukungu umeshuka toka Loleza mpaka mabatini. Alikuwa amevaa koti siku tisa. Gari la steringi likapiga honi. Kwenye skripti imeandikwa "mlinzi anafungua geti". Yeye alitoka kibandani, akasimama, akaitazama taa ya gari kama mtu anayeamka, akalitoa lile hindi mfukoni, akalifunga tena kwenye gazeti vizuri, akalirudisha. Ndipo akatafuta funguo. Dairekta hakusema kata. Steringi ndani ya gari alishusha kioo na kumsubiri, na ile hasira aliyotakiwa kuwa nayo ikaja yenyewe, halafu ikamtoka usoni, akamsalimia mzee shikamoo, ambayo haikuwa kwenye karatasi.

Sasa koti liko hapa, limetundikwa nyuma ya mlango, tochi ndani yake. Bado sini mbili. Ukimaliza kurekodi usilifue, wala usitoe vitu mfukoni, mpaka dairekta aseme kazi yote imeisha.